Giaboksi ya Arlys Tweten

Arlys Tweten alianza kuliogopa gari lake siku ya Jumanne, wiki ya kwanza ya Desemba, na aliyemtia hofu hiyo ni mimi. Nalisema mapema ili msije mkanihesabu kuwa mtu mwema katika habari hii.

Arlys ndiye tarishi wetu. Kwa miaka ishirini na sita, siku sita kwa wiki, ameendesha maili tisini na mbili kila siku, zaidi ya nusu yake za changarawe, kutoka posta ya Nordal kwenda kaskazini mpaka karibu na Kanada, kisha kurudi. Masanduku ya barua mia moja na kumi na nane. Huku mashambani Dakota ya Kaskazini tarishi hutumia gari lake mwenyewe, analipwa kitu kidogo kwa kila maili, na mengine atajua mwenyewe. Usukani uko kushoto, masanduku yako kulia. Basi Arlys hukaa siti ya abiria, mkono wa kushoto anashika usukani, mguu wa kushoto anaupitisha katikati mpaka kwenye pedeli, na mkono wa kulia unabaki huru kwa barua. Ukimwona mara ya kwanza unasema huyu mama leo hafiki. Ukimwona mara ya elfu unaona aibu kwamba wewe unahitaji siti nzima ya dereva.

Gari lenyewe lilikuwa na miaka kumi na saba. Ni lile jinsi ya magari makubwa, marefu, ambayo magurudumu yote manne huvuta wakati wote, upende usipende. Lilikuwa limetembea maili laki mbili na elfu thelathini na moja, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imeshakula milango yake kuanzia chini. Alilinunua mwaka alipozikwa mumewe, Verdell, kwa sababu lile gari lao dogo la zamani halikufaa tena kwenye theluji.

Mimi ni Orvin Kvamme. Nina miaka sabini na mbili, sijawahi kuoa, nalima ngano na alizeti, na sanduku langu ni la sabini na nne. Arlys hulifikia saa sita na dakika ishirini mchana. Jumanne ile alikuwa na kifurushi kisichoingia sandukuni, akaingia nacho mpaka uani kwangu. Alipokata kona kugeuza, gari likaanza kurukaruka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanakwama na kuachia, yanakwama na kuachia, na chini kukasikika mlio wa chuma kinachobanwa.

Nikaegemea dirisha lake. Nilikuwa nimeendesha matrekta tangu nina miaka tisa, kwa hiyo nilijiona najua kila chenye meno na oili ndani.

“Hiyo giaboksi, bibie,” nikamwambia. “Inakata roho.”

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina hakika. Badala ya kusema sijui, nikamweleza habari ya binamu yangu wa mjini Minot, aliyeambiwa atoe dola elfu nne na mia nane kwa giaboksi ya gari kama hilo hilo. Nikamkumbusha kwamba gari lake lote, na tairi zake na radio yake, halifiki dola elfu tatu. Kisha nikaongeza jambo ambalo wanaume wote wa huku hulisema wakinywa kahawa, na ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulihakikisha.

“Na wala usithubutu kubadilisha oili yake. Kwa maili hizo, ile oili chafu ndiyo inayoishikilia. Ukiitoa tu, imekwenda. Usimpelekee Delmar, atakufungulia kila kitu halafu utarudi nyumbani kwa miguu.”

Delmar Rud ndiye fundi wa Nordal. Ni mtu mwema, hajawahi kumdhulumu mtu. Nilisema vile kwa kupenda kusikilizwa.

Arlys alikuwa amebakiza miezi kumi na minne afikishe muda wa pensheni yake kamili. Asiye na gari hapewi njia ya kusambaza barua, na asiyemaliza muda wake anapata kipande tu. Dola elfu tano hakuwa nazo, na benki isingemkopesha mjane wa miaka sitini na mitatu kwa ajili ya gari bovu. Kila kitu alichokuwa anakitegemea kilining’inia kwenye lile gari kufika Februari, si ile iliyokuwa inakaribia bali ya mwaka wa pili. Akanishukuru, akaondoka, na nilipokuwa namwangalia aliikata kona ya barabara taratibu mno, utadhani amebeba mayai.

Wiki tisa aliishi hivyo. Mwanzoni alifungulia radio kwa sauti ya juu asisikie mlio. Baadaye akaizima kabisa, kwa kuwa kutosikia kulimtisha zaidi. Akajifunza kona zipi zinalifanya gari liruke na zipi linavumilia, akaanza kuzunguka viwanja vya watu kwa duara kubwa ili asikate usukani mpaka mwisho, mpaka watu wakaanza kulalamika kwamba anawaharibia majani chini ya theluji. Alitandika boksi la karatasi chini ya gari kila jioni na asubuhi alilivuta nje kutafuta matone. Harufu ya oili inayoungua ilianza karibu na Krismasi. Chakula chake cha mchana alikuwa anarudi nacho kama alivyokifunga.

Haya aliniambia mwenyewe, kidogo kidogo, pale dirishani. Mimi niligeuka daktari wake. Kila siku alinieleza limefanya nini, nami kila siku nikatikisa kichwa. Siku moja ya Januari alisimama, hakunipa barua kwanza.

“Kila asubuhi nikitia ufunguo nasema leo tu,” akasema. “Naliomba leo tu. Ushawahi kuliomba gari, Orvin?”

Nikamtania kwamba mimi huyatukana, na yananisikia vizuri tu. Hakucheka. Mdomo wake ulikuwa umekauka, ngozi imepasuka, na nilipoziangalia nywele zake niliona hakuzichana. Nilijisikia vibaya, ndiyo, lakini nikarudi ndani nikala.

Cha ajabu ni kwamba gereji ya Delmar iko palepale mlangoni mwa mji. Arlys aliipita kila siku mara mbili. Delmar alikuwa anasimama mlangoni na kikombe chake, anampungia mkono, na Arlys anaangalia upande wa pili. Asubuhi moja walikutana dukani kwenye kahawa, Delmar akamuuliza mbona gari linavuma hivyo. Arlys akamjibu ni zile tairi mpya za theluji upande wa kulia, ndizo zinavuma. Alikuwa anadanganya ili aachwe. Delmar akasema ampelekee aziangalie, hatamtoza kitu. Arlys akasema wiki ijayo. Nilimwelewa, maana nami nilikaa na uvimbe shingoni mwaka mzima nikipita mbele ya zahanati bila kugeuza kichwa.

Tarehe tisa Februari kulikucha kweupe, hakuna wingu, nyuzi thelathini chini ya sifuri. Karibu saa tano upepo ukainuka kutoka kaskazini magharibi ukaanza kuinua theluji iliyokwishaanguka. Juu mbingu ni ya bluu, na chini huoni hata ncha ya buti lako. Sisi dhoruba ya namna hiyo tunaiogopa kuliko ile inayotoka mawinguni, kwa sababu inakudanganya.

Saa sita na dakika ishirini Arlys hakuja. Nililalamika, maana nilikuwa nangojea betri za kifaa changu cha masikio. Ilipofika saa saba kasoro dakika ishirini nikampigia Corinne Bakke, jirani yangu anayefuata barabarani, mwenye sanduku la sabini na tano. Akasema hajamwona. Nikapiga nyumba iliyo kabla yangu. Wakasema alipita saa sita na dakika tano, gari lilikuwa linalia vibaya, na mzee wa nyumba alitaka kumwambia aingie ndani asubiri upepo, lakini alishaondoka.

Kati ya nyumba ile na yangu ni maili nne, na katikati kuna bonde la kijito ambako simu haishiki. Nikakaa kwenye ngazi na simu mkononi. Nilijua limetokea nini. Nilijua kuliko mtu yeyote.

Huku kwetu trekta ya dizeli huchomekwa kwenye umeme usiku kucha ili injini isigande. Usiku wa kuamkia siku ile sikuichomeka. Umeme ulikuwa umepanda bei na sikuwa na safari. Nikaichomeka sasa, nikakaa mbele yake dakika hamsini nikingoja ipate joto, huku nikiitukana, kisha nikinyamaza, kisha, niseme ukweli, nikiiomba. Corinne alikuwa ameshapiga simu kwa sherifu, polisi wa wilaya yetu. Walisema greda la theluji limerudishwa kwa sababu dereva haoni mbele, watatuma mtu upepo ukipungua.

Bondeni ilikuwa hivi. Arlys alikuwa anateremka polepole, kwenye kona ya daraja. Gari likaruka mara mbili, kisha chini ya sakafu kukatokea kishindo ambacho alisema alikisikia kwenye meno. Injini ikapaa kwa mngurumo, gari halikusogea hata inchi. Akajaribu gia zote. Halafu moshi ukaanza kuingia ndani, mweupe, wenye harufu ya oili. Chuma kilichovunjika kilikuwa kimepasua kasha lililokifunika na oili inamwagika juu ya bomba la moshi lenye moto. Akadhani gari linaungua. Akazima injini, akafungua mlango akaruka nje kuangalia chini, akatumbukia mtaroni kwenye theluji mpaka gotini.

Na mguu uliotumbukia ni wa kushoto. Kulia huvaa buti zito, lakini kushoto, kwa ajili ya kuzisikia pedeli akiwa amekaa upande, huvaa kiatu chepesi cha ngozi. Theluji ikajaa kiatuni. Akarudi ndani, akakaa, na kila alipowasha injini ili apate hita, moshi ulirudi. Aliwasha mara tatu. Mara ya tatu aliona mwali mdogo, au alidhani ameuona, akazima na hakuugusa ufunguo tena.

Alikuwa na mshumaa ndani ya kopo la kahawa, kila gari la huku hubeba, na kiberiti. Aliuwasha. Tangu utotoni tunafundishwa usiliache gari, maiti ya anayeliacha huonekana Aprili, theluji ikiyeyuka. Arlys alikaa. Lakini aliniambia kwamba mara mbili mkono wake ulishika kitasa cha mlango wenyewe, kwa sababu woga ulimwambia nyumba yangu ni maili mbili tu na barabara imenyooka. Alivua kile kiatu, akauingiza mguu kwenye gunia la barua, ndani ya magazeti na bili za watu. Baada ya saa moja mguu uliacha kuuma, na hapo ndipo alipoanza kulia, maana alijua kuacha kuuma kunamaanisha nyama imeanza kufa kwa baridi.

Trekta iliwaka karibu na saa nane. Nilitoka nikifuata nguzo za uzio upande wa kulia, moja moja, naiona hii, siioni inayofuata, nasimama, naiona. Nilikuwa nalia na machozi yanaganda kwenye kope. Niliogopa sitamkuta garini. Zaidi ya hapo niliogopa nitamkuta na hatanijibu. Maili mbili zilinichukua saa moja na nusu. Gari lake nililiona liko futi sita mbele yangu nilipokuwa tayari nakanyaga breki.

Mwanga wa mshumaa ulikuwa bado upo kwenye kioo. Nikaufungua mlango kwa nguvu. Alikuwa amekaa palepale pa abiria, uso mweupe.

“Ulisema kweli, Orvin,” akasema. “Giaboksi imekwenda.”

Hospitalini Minot waliuokoa mguu. Vidole viwili vilikuwa vimeshakufa, wakavikata. Njia yake akapewa kijana wa Nordal aishike kwa muda, na likizo ya ugonjwa ya Arlys ilikuwa inatosha mpaka Aprili. Baada ya hapo awe na gari au aache.

Delmar alilivuta gari mpaka gereji. Siku ya nne akaniita, hakusema kwa nini. Nilipofika alikuwa amelinyanyua juu. Akanionyesha kwanza giaboksi. Alikuwa ameshaimwaga ile oili chafu, ametia mpya, amewasha injini na kupitisha gia zote.

“Nzima,” akasema. “Hii ingemzika Arlys na wajukuu wake.”

Kisha akanionyesha kile kiboksi kilicho nyuma ya giaboksi, kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mafundi hukiita transfa. Kilikuwa kimepasuka ubavuni, mnyororo wake umekatika, vipande vimejaa ndani. Nikamuuliza kimeuliwa na nini. Akagonga kwa ngumi tairi ya mbele kulia, kisha ya kushoto, akanipa futi ya kupimia.

Matarishi wote wa huku hununua tairi za kulia tu. Upande wa kulia ndio unaokanyaga ukingo wa changarawe kwenye kila sanduku, unaisha mara mbili haraka, na kwa magari ya zamani hakukuwa na ubaya wowote. Oktoba Arlys alinunua mbili za kulia, mbele na nyuma, kama alivyofanya miaka yote, na kwa kuwa za saizi yake zilikuwa zimekwisha dukani, akachukua saizi inayofuatia. Kwenye gari ambalo magurudumu yote manne yamefungwa pamoja, tairi kubwa kulia na zilizokwisha kushoto zinavutana kila mzunguko, maili tisini na mbili kila siku. Kuruka kwenye kona ndiko kulikokuwa kelele ya kuomba msaada.

“Angekuja Desemba ningemwekea tairi mbili na oili,” Delmar akasema. “Dola mia nne, na mia moja ningemsamehe. Sasa nimemtafutia transfa kuukuu kwenye magari mabovu, na tairi nne, ni elfu mbili na mia mbili. Nashindwa kuelewa, Orvin. Mbona alikuwa ananikwepa?”

Nikamwambia. Delmar hakunigombeza. Alinawa mikono yake kwa muda mrefu sana, amenipa mgongo, na mimi nikaondoka nikaenda benki nikatoa zile elfu mbili na mia mbili, nikazileta kwenye bahasha. Alizipokea bila kunitazama.

Arlys alirudi njiani Jumatatu ya pili ya Aprili. Nilianza kusimama sandukuni saa sita kamili, na maneno yangu nimeyapanga. Akaja saa sita na dakika ishirini na tano. Gari lilikuwa linakwenda kimya. Uso wake ulikuwa umekonda, na mguu wa kushoto ulikuwa ndani ya buti kubwa la kiume.

“Arlys, ile giaboksi,” nikaanza.

“Delmar ameshanionyesha. Na bahasha ameniambia.”

“Mimi ndiye niliyekutisha.”

“Ulinitisha siku moja, mzee. Zilizobaki nilijitisha mwenyewe.” Akanipa barua zangu, akaangalia mbele kwenye barabara, mkono wake wa kushoto umeukaza usukani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. “Gari ni zima. Lilikuwa linalia naogopa, sasa liko kimya naogopa zaidi. Delmar hana spea ya hiyo.”

Nilitaka kumwambia jambo la maana. Nikamwambia aendeshe taratibu. Akatikisa kichwa, akaikata kona ya barabara, na gari halikuruka.

Bado miezi kumi. Corinne na mimi tumeelewana, na Arlys hajui. Kutoka kwangu mpaka kwake ni dakika nane. Gari likipita kwake, ananipigia na kusema neno moja tu, amepita, na hapo ndipo ninapokaa kula. Jana zilipita dakika nane, zikapita kumi na tano. Simu ilipolia nilikuwa niko juu ya trekta katikati ya barabara, na Corinne anasema samahani, alikuwa bafuni, Arlys amepita zamani. Nilizima injini. Kisha nikaiwasha tena, nikaigeuza, nikarudi nyumbani kula.